Pacha wa Bwana Maji

"Mgonjwa ana pacha. Mzuie anayebeba mbegu."

Simu ikakatika.

Ikupa alichomoa kidude cha sikioni, akakitumbukiza mfukoni mwa koti, akaongeza mafuta. Yamaha ikaruka mbele kama imechomwa sindano. Mafinga ilikuwa bado imejifunika ukungu, na baridi ya Mufindi ile inayoingia mpaka kwenye meno, lakini yeye jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Mbele yake, Prado nyeusi.

Gari hilo lilitoka Iringa mjini alfajiri. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana, na hakikuzidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Diski.

Ili twende pamoja, elewa hivi. Huko chini bondeni, ukishaipita Chimala, kuna skimu ya mpunga iitwayo Nyalwela. Siku hizi milango ya chuma ya mifereji yake haizungushwi kwa mkono. Inafunguliwa na kufungwa na kompyuta moja ya Linux iliyokaa ofisini, haina mbwembwe wala nini, na wakulima wenyewe waliipa jina: Bwana Maji. Kila Jumapili baada ya ibada, fundi wake huchukua nakala ya kila kilichomo. Mfumo wote, zamu za maji, jina lake, hata funguo za siri anazotumia kuongea na milango. Nakala hiyo ndiyo bekapu, na hutunzwa Iringa. Ni kama mama anavyoning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jikoni. Shamba likiharibika, mbegu ipo.

Jana mtu aliingia ofisini akaichoma diski ya Bwana Maji. Leo mtu ameiba mbegu.

Ikupa Mwasandube, binti wa Tukuyu, mtu wa Kitengo, wale wa usalama wa taifa, kwa miaka mingi, hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Prado ikalipita lori la nguzo kwenye kona. Ikupa akajaribu kulipita na yeye. Lori jingine likatokea mbele, taa kali, honi ndefu. Akarudi ndani. Akajaribu tena. Haikuwezekana. Upande wake wa kushoto misonobari ilikuwa imesimama mistari kwa mistari, na katikati ya mistari hiyo akaiona njia ya matrekta ya magogo.

Akakata kona.

Tope. Mizizi. Vumbi la mbao. Pikipiki ilikuwa inayumba kama mlevi, na yeye juu yake ameuma meno, anahesabu moyoni barabara inavyozunguka kilima wakati yeye anakikata katikati. Alipotokea tena kwenye lami, barabara ilikuwa tupu. Amelitangulia gari.

Alivunja matawi matatu ya msonobari, akayalaza barabarani, moja baada ya jingine, kwa nafasi. Kisha akajibanza nyuma ya mti.

Dereva yeyote aliyekulia kwenye barabara hii anajua maana ya matawi. Kuna gari limekufa mbele. Punguza mwendo au utaliingia kwa nyuma. Mguu unakanyaga breki wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Prado ikatokea. Ikaona matawi. Ikapunguza.

Ikupa akatoka na Glock mkononi.

"Shuka, kaka. Mikono itangulie."

"Dada, mimi ni dereva tu..."

"Dereva mwenye saa ya dhahabu. Shuka."

Alikuwa kijana mwembamba, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Jina lake Zabron. Aliwahi kuwa msaidizi kwenye ofisi ile ile ya Nyalwela kabla hajafukuzwa, na Ikupa aliijua sura yake kwa picha. Diski ilikuwa chini ya kiti, imefungwa kwenye kitambaa.

"Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Kwenye tanuru la kiwanda cha mbao. Ikaungue." Zabron akacheka, kicheko cha mtu anayejikaza. "Lakini ichukue tu, dada'angu. Kapige nayo picha. Umechelewa! Tumeshainakili jana ikiwa bado stoo. Tumeirudisha kwenye kompyuta nyingine, kila kitu, mpaka jina. Milango inamsikiliza Bwana Maji, sawa? Sasa Bwana Maji ni wa kwetu."

Simu yake ikalia mfukoni. Ujumbe. Ikupa akaichukua, akausoma, akamgeuzia auone.

*Saa kumi milango yote wazi. Wewe toka nchi.*

Kicheko kikafa.

"Walikwambia nini?" Ikupa aliuliza taratibu.

"Kwamba... maji yatakatwa. Siku mbili, tatu. Wakulima waogope, wakodishe mashamba kwa kampuni ya yule mzungu. Basi. Hakuna mtu kuumia."

"Bwawa limejaa mpaka ukingoni. Mpunga unachanua. Milango yote ikifunguka kwa mpigo, tuta la mfereji mkuu litahimili?"

Zabron akaitazama barabara inayoelekea bondeni.

"Kwenu wapi?"

"Rujewa."

"Mzee wako analima wapi?"

Kijana akakaa chini pale pale kwenye lami. "Nyalwela," alisema. "Mfereji wa chini."

"Huyo mzungu wako yuko wapi?"

"Kastner? Haki ya Mungu sijui. Chimala, lakini kila siku anahama. Dada, nisikilize, mimi sikujua..."

"Utawaeleza wenzangu."

Akamfunga pingu kwenye bampa la gari lake mwenyewe, akapiga simu.

"Mzee, mbegu ninayo. Kuna mzigo wa kuokota njia ya Nyololo."

Upande wa pili alikuwa Mzee Crispin, mkuu wake, aliye Iringa. "Hali ya mzigo?"

"Unalia."

"Na pacha?"

"Yuko Chimala, hajulikani nyumba gani. Saa kumi anafungua yote."

"Binti, chini ya lile tuta leo kuna mazishi. Kijiji kizima kipo pale."

Ikupa hakuaga.

Makambako aliikuta na foleni ya malori ya mizani, akapita pembeni kwenye changarawe, watu wakamtukana. Igawa hakuiona vizuri. Kadiri barabara ilivyoshuka, ndivyo baridi ilivyobaki nyuma na joto la bonde likapanda kutoka kwenye lami. Hakufungua hata zipu ya koti. Kila alipoliona jua alikasirika nalo, kwa jinsi lilivyokuwa linakwenda.

Ofisi ya skimu ilikuwa nyumba ya bati yenye mlingoti wa antena. Gloria, fundi wa Bwana Maji, alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Alipoiona diski aliipokea kwa mikono miwili.

"Kamwene, dada. Umekuja nayo nzima?"

"Kamwene. Anza."

Gloria alikuwa ameshafunga diski mpya ndani ya kompyuta. Akachomeka flashi yenye Linux ndogo, maana diski mpya ilikuwa tupu kama chungu kilichotoka sokoni, haiwezi kujiwasha yenyewe. Mashine ikaamka kwa nguvu za flashi. Akaigawa diski vyumba, akachomeka ile ya bekapu, akaandika amri, akabonyeza.

Mistari ikaanza kutembea kwenye kioo.

Ikupa alikaa. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Mtu alimwekea chai mezani, hakuigusa. Nje, mpunga ulikuwa umetanda kijani mpaka macho yanachoka, na harufu yake ya kuchanua inaingia na upepo. Kwa mbali, chini ya tuta refu la mfereji mkuu, alikuwa anaona turubai la msiba na kanga za wanawake.

"Bado?"

"Dada, ukiniuliza haitaongeza mbio."

Mistari ikasimama. Gloria akatoa flashi, akazima, akawasha.

Kioo cheusi. Sentensi moja nyeupe. Basi.

"Nini?" Ikupa alikuwa ameshafika begani kwake.

"Anatafuta diski yake ya zamani." Gloria alipangusa jasho kwa kiwiko. "Kila diski ina namba yake. Bekapu inakumbuka namba ya ile iliyoungua. Ameamka nyumbani kwake, lakini anasema hapa si kwangu. Ngoja nimwambie ndio kwake."

Flashi ikarudi. Gloria akafungua faili moja, akaifuta namba ya zamani, akaandika mpya. Akarekebisha na sehemu ya kuwashia. Akazima. Akawasha.

Ikupa alisogeza uso karibu na kioo.

Herufi zikaporomoka kama mvua ya mawe kwenye bati, na mwishoni likatokea jina. *Bwana Maji.*

"Ndaga fijo," Ikupa alisema kwa Kinyakyusa bila kujijua, kama anamshukuru mtu.

"Usishangilie bado, dada. Angalia." Gloria alionyesha kioo. "Milango inajibu, lakini inajibu wawili. Pacha naye yupo, jina hilo hilo, funguo hizo hizo. Na anajifanya mtu mwema, anafuata zamu za kawaida ili tusimshtukie. Hapa naona amri, mlango wa nne ufunguliwe kidogo. Ni yetu au yake? Siwezi kujua. Mlango wenyewe hauwezi kujua."

"Badilisha funguo."

"Nikizituma funguo mpya hewani, Bwana Maji atazipokea. Nani Bwana Maji? Wote wawili. Mpaka yule mwingine awe amezibwa masikio."

"Basi nionyeshe alipo."

"Ndio hicho! Minara yangu inasikia amri zinatoka upande gani, lakini amri zao na zetu zimechanganyika. Nifuatilie ipi?" Alikuwa anaongea huku vidole havikai. "Acha kwanza niweke lile la msiba, maana bekapu ni ya Jumapili na Mzee Aroni amefariki Jumatatu. Zamu yake lazima ilale."

"Ilale?"

"Huku kwetu mtu akifa, maji hayaingii shambani kwake mpaka matanga yaanuliwe. Si sheria ya ofisi, lakini hakuna atakayethubutu. Na kaburi ndio liko pale pembeni ya jaruba lake." Akabonyeza. "Haya. Imelala."

Simu ya ofisi ikalia. Gloria akaiweka sauti ya nje.

"Nyie watu wa kompyuta mna akili kweli?" Sauti ya mwanaume, hasira na kilio pamoja. "Mimi Mika, mtoto wa marehemu. Nani kafungua maji kwa baba? Tuko makaburini hapa, maji yanakuja kwenye miguu ya mchungaji! Hamna aibu hata ya kuazima?"

"Mika, pole kaka yangu, mimi sijafungua. Nimelaza zamu sasa hivi."

"Sasa limefungua shetani?"

Gloria alifungua mdomo. Ikupa akamshika mkono.

"Gloria. Katika bonde hili lote, nani angempelekea maji marehemu siku ya kuzikwa?"

"Hakuna. Labda mtu ambaye..."

"Ambaye hajui kama kuna msiba."

Wakatazamana. Bekapu ya Jumapili. Pacha amezaliwa na kumbukumbu za Jumapili, na kwenye kumbukumbu hizo Mzee Aroni bado yuko hai, na leo ni zamu yake.

Gloria alikuwa ameshageukia kioo. "Hii hapa. Mlango wa Aroni. Hii ni yake, hakuna mjadala." Akaifuata amri ile mpaka kwenye mnara ulioisikia. "Mnara wa Chimala. Na sauti ni kubwa mno, kama mtu anayeongea akiwa ameuegemea. Chini ya mnara huo kuna godauni moja tu, la mpunga, lenye bati la bluu."

Akaufunga mlango wa Aroni. Aliporudisha macho, chumba kilikuwa na chai iliyopoa na mlango unaojibamiza.

Godauni la bati la bluu lilikuwa na mlinzi mmoja mbele, mkono ndani ya koti, macho barabarani. Uani, kwenye maturubai mapana, wanawake walikuwa wameanika mpunga. Walikuwa wanaugeuza kwa miguu, wanatembea polepole kwa mistari, wanaburuza nyayo, na mpunga unajipindua nyuma yao kama maji nyuma ya bata. Ukutani, juu kidogo ya turubai la mwisho, waya mweusi ulikuwa unashuka kutoka kwenye antena.

Ikupa aliacha pikipiki kwenye duka la soda. Akavua buti na koti, akabana redio ndogo ya Gloria kwenye kola ya shati. Akatoa kanga mbili kwenye mkoba wa pikipiki, akajifunga moja kiunoni juu ya suruali, nyingine kichwani, bastola katikati. Akaingia kwenye mstari.

Mlinzi akamtazama. Mlinzi akaangalia pembeni. Nani anahesabu wageuza mpunga?

"We dada," mama mmoja mnene alimkoromea, "ndio unageuza nini hivyo? Unapiga mpunga mateke! Kwenu hamlimi?"

"Kwetu ndizi, mama."

"Ndio maana! Buruza, usinyanyue. Buruza!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ikupa akaburuza. Mstari ukasogea. Waya ukasogea. Saa kumi nayo ilikuwa inasogea. Mkono wake wa kulia ukaingia kwenye kanga, ukatoka na koleo la kukatia waya.

*Kach.*

"Gloria," alinong'ona kwenye kola. "Amezibwa."

"Namwona. Kanyamaza. Natuma funguo."

"Muda gani?"

"Mlango kwa mlango. Ninahangaika, usinisemeshe."

Mlango wa nyuma wa godauni ukapigwa teke kutoka ndani. Jamaa mmoja wa miraba minne akatoka, akautazama waya unaoning'inia, akamtazama Ikupa. Akaelewa kabla hajafumba mdomo.

Alikuja kwa kasi. Mpunga mkavu juu ya turubai ni utelezi kuliko sabuni, na yeye alikuwa na viatu vya ngozi. Mguu ukamtangulia. Ikupa akamalizia kwa mpini wa reki, mara moja, nyuma ya sikio. Mlinzi wa mbele akaja mbio akichomoa silaha, akaikuta Glock inamtazama usoni.

"Weka chini. Lala. Pale, kwenye mpunga wa mama."

"Mpunga wangu!" alipiga kelele yule mama mnene. Kisha akaona bastola. "Haya, alale tu."

Ikupa akaingia ndani.

Kastner alikuwa amekaa juu ya kiroba, mtu wa nywele za kijivu, shati lililopigwa pasi. Magotini, laptop ya ThinkPad. Pembeni yake kwenye dirisha, antena ya pili, ndogo, ameshaichomeka. Hakunyanyua mikono. Alitabasamu.

"Umekata waya moja," alisema kwa Kiswahili cha kujifunzia ukubwani. "Mimi daima naleta mbili. Na saa kumi imefika."

"Ondoa kidole."

"Ukipiga risasi, kidole kinaanguka juu ya kitufe. Ukikaa kimya, kinabonyeza. Wewe chagua."

"Gloria?" Ikupa alisema.

Redio ilikoroma. Hakuna sauti ya mtu.

"Gloria."

Kastner akabonyeza.

Ikupa hakusogea. Kichwani mwake alikuwa anaona tuta lile refu, turubai la msiba, mchungaji, Mika, kanga. Alikuwa anasikiliza. Nje mtu alikuwa anakusanya mpunga uliomwagika. Kuku. Lori linapanda barabara kuu.

Redio ikakoroma tena.

"Amebisha hodi," sauti ya Gloria ilisema, imekauka kama imetoka jangwani. "Milango yote. Imemkatalia yote, dada. Ule wa mwisho nimeuwahi akiwa ameshika kitasa."

Kastner alikuwa anabonyeza tena, na tena, na kila mara kioo kinamrudishia mstari ule ule kwamba hatambuliki. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni, limesahauliwa. Ikupa akaiondoa ile laptop magotini mwake kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akaifunga.

"Hii haiwezekani. Ni nakala kamili," alisema Kastner. "Kila kitu. Hakuna tofauti hata moja. Ulijuaje ipo hapa?"

"Umemfungulia maji marehemu."

"Marehemu nani?"

"Si unaona?" alisema Ikupa, akamvisha pingu.

Polisi wa Chimala walipowasili, yeye alikuwa nje anatafuta buti zake. Moja alikuwa ameikalia yule mama mnene.

Alipita Nyalwela kabla jua halijaegemea milima. Hakulazimika kupita, barabara ya Mbeya haiko huko. Akasimama juu ya tuta, injini inaunguruma. Chini, watu walikuwa wanarudi kutoka kaburini, na mpunga ulikuwa umesimama wote, haujalala hata kisehemu. Maji ya mfereji yalikuwa yanakwenda taratibu kama yanajua njia. Mwanaume mmoja mwenye suruali iliyolowa mpaka magotini akapanda tuta kumfuata.

"Wewe ni wa ofisi ya maji?"

"Nimetumwa nao."

"Mimi ndio Mika. Waambie watu wako wawe na utu. Tumemzika mzee na viatu vimejaa tope."

"Pole sana, kaka. Nitawafikishia."

Mika alimtazama, na hasira zake zikapungua. "Haya, shuka basi upate chakula. Mtu hapiti msibani na njaa."

Akashuka. Akanawa mikono, akakaa mkekani na wanawake, akala wali na maharage na hakuna aliyemuuliza jina. Kidude cha sikioni kikaita.

"Taarifa," alisema Mzee Crispin.

"Mgonjwa amepona. Pacha amefungwa kamba."

"Uko wapi? Nasikia watu wanaimba."

"Msibani, mzee."

"Umefiwa?"

"Hapana." Akaomba maharage zaidi kwa ishara ya mkono. "Nitakupigia nikimaliza kula."

Alipomaliza aliosha sahani yake, akawaachia wanawake wenzake kanga zote mbili, akapanda tuta bila haraka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Pikipiki ikageuka kuelekea Igurusi, ambako milima ya Mbeya ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.